Salamu za Idunda

Kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi mstari wa kijiji cha Idunda kwenye kioo changu ulianza kupanda. Mistari ya vijiji vingine ilikuwa bado imelala, lakini wa Idunda ulipanda bila aibu mpaka ukaugusa ule mwekundu wa kikomo, na taa ya meza yangu ikaanza kumeta. Nilikuwa siijali. Nilizaliwa Idunda, nilijua pale kuna nini. Watu wa kwetu walikuwa wanasalimiana.

Kituo chetu kimejengwa juu ya Njombe, mahali ambapo baridi inapoza mitambo bila kudai mshahara. Tuna seva sitini na mbili, na kila seva ni ya kijiji kimoja peke yake, hakichangii na kingine. Ila njia za kutoka kwenye seva kwenda nje ni mbili tu, na wote wanapita humo. Kiasi kinachoweza kupita kwa wakati mmoja sisi tunakiita upana. Kazi yangu ilikuwa kuangalia nani anatumia upana kiasi gani, na kumbana anayezidisha. Ukiisikia hivyo ni kazi ya kukaa na kikombe cha chai, na miaka sita ya kwanza ilikuwa hivyo kweli.

Kilichokuwa kikipita njiani ni kumbukumbu. Ugonjwa ulipoingia nyanda za juu, watu waliuita ukungu, kwa sababu mgonjwa haumwi popote, anaacha tu kuwatambua walio mbele yake. Dawa haikupatikana. Kilichopatikana ni kipuli, kitu kidogo kama punje ya maharage kinachobanwa nyuma ya sikio. Mgonjwa akitaja jina la mtu, kipuli kinauliza seva, na seva inaleta kila kitu: uso, sauti, mlivyogombana, mlivyopatana. Hata jina lisipotajwa, seva hulipelekea tone lake kila siku, kiasi cha kuifanya njia ya kichwani isizibe. Jina likikosa tone siku tatu, hata likiwa la mgonjwa mwenyewe, njia imeziba, na haizibuki tena. Utamwambia mgonjwa habari za mtu huyo naye atakusikiliza kwa adabu, kama unamsimulia habari za mkuu wa mkoa mwingine.

Baba yangu, Mzee Wilbald Nyagawa, balozi wa Idunda, alikuwa mmoja wa wagonjwa hamsini na wanane wa kijiji chetu.

"Yusta, hawa watu wako wanafanya nini?" Bi. Gaudensia Mbilinyi aliniuliza asubuhi moja, amesimama nyuma ya kiti changu. Ndiye mkuu wa kituo, mama wa makamo anayevaa sweta mbili na kusema kidogo.

"Wanasalimiana, mama."

"Watu hamsini na wanane? Seva ya mjini ina watu mia nane na haifiki hapo."

"Mjini mtu anasema mambo, anapita."

Ikabidi nimweleze. Idunda mtu hakuulizi habari za nyumbani kwa mkupuo. Anaanza na baba yako, kwa jina. Anakuja kwa mama yako. Anashuka kwa watoto mmoja mmoja, anakwenda kwa shangazi aliyeolewa Makete, anamuulizia ng'ombe kama ana jina, na mwisho anawataja marehemu wa nyumba hiyo ili wasijione wametengwa. Wewe unajibu, halafu zamu inakuwa yako. Wagonjwa wawili wakikutana kisimani, wamefungua mafaili arobaini kabla hawajateka maji.

Mama Mbilinyi hakucheka. "Njia ya kaskazini imechoka," alisema. "Nguzo za kule mteremkoni zinaegemea. Makao makuu wanataka kila kijiji kiwe chini ya mstari mwekundu kabla ya mvua. Kisiposhuka, mtambo utakibana wenyewe, na mtambo haubembelezi."

"Niachie mimi," nikasema. "Nitakwenda kuongea nao."

Nilisema hivyo kwa majivuno, siwezi kuficha. Nilijiona ndiye mtu pekee pale kituoni anayejua lugha mbili, ya mitambo na ya kwetu.

*

Walikusanyika kwenye uwanja wa ghala la viazi, wagonjwa na wazima. Baba alikuwa mbele kabisa, amevaa koti lake la ubalozi lenye vifungo vitatu vya rangi tatu. Niliwaeleza kwamba njia ni nyembamba, na kwamba kila jina wanalolitaja linakula nafasi. Sikuwaambia waache kusalimiana. Niliwaambia wafupishe. Waulize habari za nyumbani, mara moja, inatosha.

Bibi Onoratha Mwalongo alinyoosha fimbo. Ana miaka themanini na ushei, na ukungu ulimwanza kabla ya wote.

"Habari za nyumbani," alirudia, kama mtu anayeonja mboga ya nyumba asiyoipenda. "Nyumba ina habari gani, mwanangu? Ni matofali. Ndani ndimo mna watu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikamjibu kwa mfano wa mfereji mmoja na mashamba mengi. Mfano ulikuwa mzuri. Niliwaona wakitikisa vichwa kukubali. Bibi Onoratha hakutikisa.

Baba akasimama. "Mmesikia. Aliyesema ni mtu wa kazi hiyo. Kuanzia kesho, ukinisalimia mimi kwa kirefu sikuitikii."

Tukiwa njiani kwenda nyumbani alikuwa anatembea haraka kuliko kawaida. Alifurahi. Miaka yote alikuwa akiniuliza kazi yangu ni ya kufanya nini hasa, nami namjibu hovyohovyo, na siku ile aliiona.

"Kumbe wewe ndiye unayetupimia," alisema.

"Si mimi, baba, ni mtambo."

"Lakini mtambo unaangaliwa na wewe. Basi tutashika."

Wakashika. Baba alipita nyumba kwa nyumba wiki nzima akikemea wanaorefusha. Katika siku kumi mstari wa Idunda ukashuka ukalala chini pamoja na wenzake, na nafasi iliyobaki ikagawiwa vijiji vingine, kwa sababu upana hauwekwi akiba. Makao makuu walituma barua ya pongezi yenye jina langu. Niliibandika ukutani karibu na birika.

*

Siku ya thelathini na nne tangu mstari ushuke, mvua iliangusha mteremko, na nguzo tisa zikaenda nao. Nilifika kituoni saa nne asubuhi, baada ya kukwama kwenye tope, nikamkuta Mama Mbilinyi amekaa kwenye kiti changu.

"Imebaki njia moja," alisema. "Matengenezo ni miezi miwili. Saa sita mchana mtambo unaanza kubana vijiji vyote."

"Unabana vipi?"

Nilikuwa najua. Niliuliza tu ili nipate muda wa kukaa.

Nyakati za shida mtambo hautoi tone kwa kila jina. Unaangalia majina yaliyotajwa ndani ya siku thelathini, unayapa hayo, na yaliyobaki unayaacha. Waliobuni kipuli walikuwa watu wa mbali, na walifikiri kama watu wa kwao: unayempenda utamtaja. Mwezi mzima ukipita hujamtaja mtu, basi huna haja naye.

Nikafungua ukurasa wa Idunda. Kila mgonjwa ana mstari wake wa majina; lililotajwa karibuni huonyeshwa kwa kijani, lililopoa kwa buluu. Ukurasa karibu wote ulikuwa wa buluu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichowafanyia. Mtu mzima wa kwetu hamwiti mwenzake kwa jina. Mke ni mama fulani, jirani ni jirani, mkubwa ni mzee, mdogo ni mwanangu. Baba yangu tangu nizaliwe hajaniita Yusta akiwa ananiangalia. Anasema mwanangu, na anasema hivyo kwa watoto wa kijiji kizima. Majina yalikuwa na mahali pamoja tu pa kutamkwa, nako ni kwenye salamu. Wageni waliojenga mtambo wasingeweza kulijua hilo. Mimi nililijua tangu sijaota meno, na nikaenda mwenyewe nikawafunga midomo.

Ni mstari mmoja tu uliokuwa wa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa wa Onoratha Mwalongo. Majina arobaini na mawili, yote yametajwa asubuhi ileile. Hakuwa amenitii hata siku moja.

"Kuna nafasi iliyobaki?" nilimuuliza Mama Mbilinyi.

Akapiga hesabu kwa kidole kwenye kioo. "Majina sitini kwa kijiji chako. Zaidi ya hapo unaanza kula ya kijiji cha Luhanga, maana ndio wanaofuata kwenye orodha. Ukiamsha moja huku, moja linazimika kule."

Wagonjwa hamsini na saba ukimtoa Bibi Onoratha, majina sitini. Jina moja kwa kila mtu, na matatu ya ziada. Nikampigia baba. Saa zile wazima wote walikuwa mashambani wanang'oa viazi kabla havijaoza, na mgonjwa aliyekuwa na simu ni yeye tu, kwa ubalozi wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?" Kwa kifupi, kama nilivyomfundisha.

"Baba, nisikilize. Pita kila nyumba. Kila mgonjwa ataje jina la mtu mmoja kwa sauti. Mtu mmoja tu, yule ambaye hataki kumpoteza. Kabla ya saa sita."

"Umesema tusitaje."

"Nilikosea, baba."

Nilimsikia akivuta koti kwenye msumari.

"Na wewe utaje," nikasema. "Anza wewe, sasa hivi, nikiwa nasikia. Mtaje mama. Mtaje yeyote."

"Nikianza kukaa hapa kumfikiria mmoja, wa mwisho bondeni sitamfikia," alisema. "Nitataja nikimaliza." Akakata simu.

Mpaka leo najiuliza kama ningepiga kelele angetaja. Sidhani. Alikuwa na agizo na alikuwa na koti.

Nilikaa nikiutazama ukurasa. Saa tano kasoro dakika tano, kwenye mstari wa nyumba ya kwanza, jina moja likageuka kijani. Dakika mbili baadaye nyumba ya pili. Nilikuwa namfuata baba kwa rangi, nyumba hadi nyumba, naijua njia yote: hapa anapita kwenye miti ya miwati, hapa anashika ukuta kwa sababu ya utelezi. Mzee Kilumile akamtaja mkewe. Bi. Roida akamtaja mwanawe wa kwanza. Halafu akamtaja wa pili. Halafu wa tatu na wa nne, na hapo nikajua tumekwisha, kwa sababu ni mama gani anayeweza kutaja mtoto mmoja akaishia hapo. Wengine walifanya vilevile. Siwalaumu. Saa sita kasoro dakika tisa majina sitini yalikuwa yameisha, na baba alikuwa bado ana nyumba tano mbele yake. Mtambo ukaanza kukataa. Nilitazama mistari ya nyumba hizo tano, na wa kwake wa sita, ikibaki buluu huku najua kule bondeni watu wanataja majina kwa sauti na hakuna kinachosikia.

Simu yake ilikuwa inaita tu. Angeipokea vipi, alikuwa anafanya kazi niliyomtuma.

Nilikuwa na ruhusa ya kuamsha jina kwa mkono, bila mgonjwa kulitaja. Kitufe kipo kwenye meza yangu, kidogo, cha kijivu. Kwa hao watu sita ningeweza kuamsha majina sita, na majina sita ya Luhanga yangezimika. Sikuwafikiria wale watano. Ni aibu kusema, lakini sikuwafikiria. Nilikuwa na jina moja tu kichwani, na hata si la mama. Lilikuwa langu.

"Mimi sitakuzuia," Mama Mbilinyi alisema. "Nakwenda kumimina chai." Akaenda kweli, akanipa mgongo, akawa anamimina taratibu sana.

Mtambo una desturi ya kukuonyesha kinachozimwa kabla hujabonyeza. Nadhani waliubuni hivyo ili kupunguza makosa. Kwenye kioo likatokea jina la Luhanga lililokaa muda mrefu zaidi bila kutajwa, siku ishirini na tisa. Erasto. Aliyekuwa akimtaja ni mama mmoja aitwaye Felista. Faili lilikuwa jepesi, halina mambo mengi ndani, kwa sababu Erasto aliishi miezi minne. Felista alikuwa akimtaja mara moja kila mwezi, tarehe ileile, na tarehe yenyewe ilikuwa kesho.

Nisingelisoma, ningebonyeza. Watu wanaposikia habari hii hudhani nilikuwa na moyo mwema, nami nimechoka kuwakatalia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na macho yalikuwa kwenye jina la mtoto ambaye duniani amebakiwa na mtu mmoja. Nikawa nahesabu: mimi niko hai, naweza kwenda nyumbani nikajieleza, na Erasto hawezi. Halafu nikajibiwa na kichwa changu mwenyewe kwamba kujieleza hakusaidii njia ikishaziba, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Nikarudia hesabu. Bado nilikuwa nairudia saa ilipofika sita, na mistari yote sitini na miwili ya vijiji ikashuka kwa pamoja.

Mama Mbilinyi aliweka kikombe karibu na mkono wangu. Ile barua ya pongezi aliibandua yeye, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta ya ndani.

*

Barabara ilifunguliwa siku ya nane. Nilishuka Idunda kwa miguu kutoka lilipoishia gari.

Kijiji kilikuwa kimya saa ambazo zamani usingeweza kupita kisimani kwa makelele. Watu walikuwa wanapishana na kuinamisha vichwa. Wazima walinitazama, na ningependa wangenitukana. Bibi Onoratha alikuwa amekaa mlangoni kwake peke yake. Alinisimamisha kwa fimbo, akanisalimia, na akataja wote: Wilbald, marehemu Stefania, Yusta mwenyewe, kaka yangu Longino aliye Songea na watoto wake watano mmoja baada ya mwingine. Ilichukua muda. Nilijibu zote huku machozi yananidondoka, naye hakuharakisha.

"Sasa nimebaki nasalimia watu, wao hawanisalimii," alisema. "Wananijibu tu. Nenda kamwone."

Baba alikuwa kwenye benchi nje ya nyumba, anamenya viazi. Koti lilikuwa limening'inia mlangoni. Aliponiona aliweka kisu kwenye sufuria, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama kama mtu anayepokea mgeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Yeyote wa umri wangu angemwita hivyo, naye angemjibu hivyo. Nalijua hilo. Hata hivyo nilikaa haraka kwenye benchi.

Akanitazama vizuri. Uso wake ulikuwa wa upole na haukuwa na kitu. "Unatoka mbali?"

"Kule juu, kituoni."

"Pole na njia." Akakaa, akatulia, na nikaona anajiweka sawa, mgongo wima, mikono magotini. Agizo langu la kufupisha lilikuwa limeondoka pamoja na mimi mwenyewe. Kilichobaki ni alichofundishwa na baba yake kabla ya ukungu na kabla ya mitambo, namna ya kumpokea mtu usiyemjua. Unamuuliza nyumba yake, na unamwachia yeye ataje.

"Haya, nyumbani kwenu yuko nani?"

"Yuko kaka yangu, Longino."

"Longino hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Mama ni marehemu. Anaitwa Stefania."

"Stefania," alisema polepole. "Tunamkumbuka." Ndivyo inavyosemwa kwa marehemu wa nyumba yoyote. "Na baba yuko?"

"Yuko."

"Naye anaitwa nani?"

Kisu kilikuwa kwenye sufuria kati yetu, na viazi vilikuwa vinageuka rangi. Nilikichukua, nikaanza kumenya, nipate pa kuangalia.

"Wilbald," nikasema. "Wilbald Nyagawa. Ni balozi."

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama anayetaka kumsaidia mgeni. Halafu akatikisa kichwa.

"Simfahamu huyo. Lakini hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Basi ukirudi, msalimie."